Kilio Chumbani kwa Bibi Idonea

Hawise hakujua kulala kama watu wengine. Tangu siku za kunyonyesha, sikio lake moja lilibaki macho. Alimzaa Thurstan majira yaleyale Fulk alipozaliwa katika nyumba ya mawe pale Wendlescote, na kwa kuwa mabibi wa nyumba kama ile hawanyonyeshi, Fulk aliletwa kwake. Mtoto wa bwana ndiye aliyeanza ziwa; Thurstan, wa tumbo lake mwenyewe, alikuta kilichobaki. Mmoja akikohoa, Hawise aliamka. Mwingine akinyamaza, aliamka pia, maana ukimya ulimtisha kuliko kikohozi.

Wakakua. Fulk alikuwa kitinda mimba, na kaka yake mkubwa alirithi kila kitu. Yeye akaachiwa farasi, upanga na jina la ukoo. Bahati yake ikawa Bibi Idonea, aliyerithi mashamba ya Harrowmere kwa baba yake. Fulk alimwoa akahamia kwake, akamchukua Thurstan awe bawabu. Hawise, ambaye wakati huo alikuwa mjane, alifunga kitita chake akawafuata.

"Mama Hawise," Fulk akamtania njiani, "unakuja kunilinda mimi au Thurstan?"

"Nani kakwambia nakuja kulinda? Nakuja kula."

Lakini alilinda. Fulk akienda kuwinda, hakukaa kitako mpaka asikie mbwa wakirudi. Thurstan alipooa, akamlinda Alditha mkewe pia, na mtoto wao Ede alipozaliwa, akamlinda huyo naye.

Kisha Bibi Idonea akashikwa na uchungu. Hawise alikuwa chumbani na mkunga. Alditha aliketi nyuma ya pazia na Ede kifuani, tayari kumnyonyesha mtoto wa bwana. Nje ya mlango walisimama Thurstan na Padri Osbert. Mtoto alitoka amepiga buluu, kimya. Mkunga alimsugua, akampulizia, akampigapiga mgongoni. Wakati huohuo Ede akapiga ukelele nyuma ya pazia. Mkunga akatikisa kichwa, akamfunika mtoto uso. Kabla jua halijatua, mama naye akamfuata.

Walipotoka mazikoni, Hawise alimsikia Thurstan jikoni akiwasimulia wenzake. "Alilia yule mtoto, tena kwa nguvu, hata nikacheka. Maskini, hakudumu."

Mwiko ukasimama mkononi mwa Hawise, njegere zikaungulia chunguni.

Alijua uzito wa maneno yale, na jikoni nzima ilijua. Mume akifiwa na mke mwenye ardhi, hukaa juu ya ardhi ile maisha yake yote, ilimradi mke alimzalia mtoto akasikika akilia, hata kama ni kwa pumzi moja. Asipolia, ardhi hurudi kwa ukoo wa mke. Baldwin, ami yake Idonea, alikuwa ameshaleta watu wake kupima ghala. Wanawake waliokuwa chumbani hawaulizwi. Wanaoulizwa ni wanaume waliosikia. Padri Osbert hata kengele za kanisa lake huzisikia kwa kuambiwa. Alibaki Thurstan.

"Mama, nyamaza," Alditha alimwambia kisimani, kabla Hawise hajasema lolote. "Anaapa alichosikia. Na kweli amesikia."

"Ataapa juu ya mfupa wa mtakatifu."

"Ndiyo. Kwa moyo safi. Wewe ndiye unayetaka kuuchafua."

Hawise akanyamaza, lakini miguu haikunyamaza. Alikwenda kinuni akarudi bila unga. Alikwenda zizini akasahau alichofuata. Alimkumbuka jirani mmoja wa Wendlescote aliyeapa juu ya mfupa kwa ajili ya kondoo asiye wake, akafa mdomo umepinda, hawezi hata kuungama. Je, mfupa unajua nani amedanganya na nani amekosea? Hapakuwa na wa kumuuliza. Akimfikiria Thurstan, alitaka kusema. Akimfikiria Fulk, asiye na paa lingine duniani, aliumeza ulimi.

Siku ya hakimu wa mfalme, watu walijaa uwanjani mwa kanisa. Mmoja wa watu wa Baldwin alimpigia Thurstan mluzi. "Bawabu! Leo atakayelia humo ndani ni wewe."

"Subiri ulete leso," Thurstan akamjibu, watu wakacheka.

Ndipo Hawise akamshika mkono, akamvuta kando ya ukuta.

"Aliyelia ni Ede," akasema. "Yule mwingine hakulia, mwanangu. Nilimshika mimi."

Thurstan akautoa mkono wake. "Sasa hivi nilikuwa mtu safi, mama. Ungeniacha niingie tu."

"Niliogopa."

"Unaogopa tangu nizaliwe. Leo umeniogopesha na mimi."

Akaingia. Padri Osbert alipoulizwa kama alisikia, aliuliza, "Eti nini?" Thurstan alinyoosha mkono juu ya kisanduku cha mfupa, ukakaa hewani, kisha akaurudisha.

"Nilisikia mtoto akilia," akasema. "Lakini na binti yangu alikuwa chumbani. Siwezi kuapa alikuwa yupi."

Hakimu hakuwa na swali jingine. Fulk alikuwa amesimama karibu na nguzo, akifungua na kufunga kifungo cha joho lake. Harrowmere ikawa ya Baldwin kabla ya chakula cha mchana.

Kesho yake Fulk alikuja mlangoni kwa Hawise, akakataa kuketi.

"Ni wewe uliyemwambia?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Kama ardhi ingekuwa ya Thurstan, na mimi ndiye wa kuapa, ungeniambia?"

Hawise alifungua mdomo. Jibu alilitafuta kweli, kama mtu anayepekua sanduku, akakuta hajui. Fulk akaona kwamba hajui, akatikisa kichwa taratibu.

"Navuka bahari," akasema. "Gaskoni kuna vita, wanatafuta wenye upanga."

Thurstan alikuwa nyuma ya nyumba. Alitoka na mabuti yamefungwa na mkoba begani, kumbe alishajiandaa. Alditha alisimama nyuma yake, macho mekundu.

"Na wewe waenda wapi?" Hawise akauliza, ingawa aliona.

"Nimemtoa nyumbani kwake, mama. Siwezi kumwacha aende peke yake."

"Baldwin amesema mlango bado ni wako."

"Aulinde mwenyewe."

Hawise alitaka kumshika mkono tena, lakini akakumbuka alivyoushika kando ya ukuta, akauacha. Akamgeukia Fulk. "Umrudishe."

"Nitajitahidi."

"Sikusema ujitahidi."

Waliondoka na farasi mmoja, wakipokezana kupanda. Aliyeanza kupanda alikuwa Thurstan, kwa kuwa Fulk alimshurutisha. Hawise aliwatazama mpaka njia ilipowameza, kisha akaingia ndani, akatoka, akaingia. Jioni alimuuliza mchuuzi wa chumvi kama baharini kuna upepo, na mchuuzi, ambaye hajawahi kuiona bahari, akamwambia upo kidogo tu.