Waziri wa Kazi wa Kitanda cha Juu

Mabishano ya kima cha chini cha mshahara mimi niliyasikia yote nimesimama jikoni, International City, nikiwapikia walinzi sita kutoka Kenya bara. Kafeel wangu, Mwarabu aliyenidhamini viza, alikuwa amefunga mkahawa wake kule Deira, akaniambia nijitafutie, inshallah mambo yatatengemaa. Hayakutengemaa. Wale vijana wakanichukua: nipike, nilale sebuleni, na kila mwisho wa mwezi wachange wanilipe.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Kusonga ugali kila siku, kwa watu wanaoiogopa nazi kama dawa ya minyoo, ni adhabu anayoijua Mungu peke yake.

Basi ukazuka uvumi kwamba serikali itaweka kiwango, na hakuna kampuni itakayoruhusiwa kulipa chini yake. Nyumba haikulalika. Kinara wao alikuwa jamaa wa Bungoma aliyelala kitanda cha juu. Alilinda jengo la ofisi, akisoma magazeti yaliyoachwa mapokezi, na jioni alituhutubia kutoka kitandani miguu ikining'inia. Mshahara wa kutosha, alisema, ni haki, si hisani. Mimi nikimwita waziri wa kazi, kimoyomoyo. Lakini mwanangu alikuwa ameitwa shule ya upili nyumbani na karo sikuwa nayo, kwa hiyo hotuba zile ziliniingia kuliko alivyodhani.

Ijumaa moja, wote wakiwa wameshiba, nikawaomba nyongeza.

Walitazamana. Waziri akakohoa, akanieleza kwamba wananithamini sana, ila hali ya uchumi si nzuri. Wakiniongeza mimi itabidi wapunguze nyama, na hapo atakayeumia ni nani? Tena nalala bure na kula bure.

"Mzee, hapa sisi ni family," akamalizia.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Hayo ndiyo maneno aliyowaambia bosi wao wiki iliyotangulia, na waziri huyu huyu ndiye aliyetuigizia, sauti na kitambi na kila kitu, tukacheka hadi machozi. Nikamwambia khalas, yamekwisha, nikaenda kuosha sufuria kwa kelele ambazo sufuria hazikuzihitaji.

Siku chache baadaye kampuni ikawaita kikaoni. Walirudi kofia mkononi. Sheria haikuja, nyongeza haikuja, na asiyeridhika aliambiwa tiketi ya Nairobi ipo. Jioni hiyo hakuna aliyehutubu. Nami nikajua langu limekufa kabisa, maana waliotoka kunyimwa wangenipa nini? Nikaanza kufikiria namna ya kumwambia mwanangu asubiri mwaka mwingine.

Waziri akanawa mikono, akasimama katikati ya sebule na sare yake, akawatazama wenzake mmoja mmoja.

"Pesa ya mpishi tuongeze," akasema. "Angalau kwa hii nyumba kuwe na mfanyakazi mmoja ameongezwa mshahara."

Wakapiga makofi. Yeye akainua mkono kuwatuliza, kisha akangoja waendelee, kama kweli ni Mei Mosi na taifa zima liko uwanjani linamsikiliza. Wallahi, nilicheka. Nikataka kumshukuru, badala yake nikageukia sinki nikalia. Watu wale walikuwa wamenyimwa mchana uleule, na mwanangu akaenda shule.