Jina la Pili la Komanda Radi

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja, na Vestine aliichukia tangu ukurasa wa pili, pale ilipouliza aina ya bunduki iliyotumika.

"Ningewaomba wale wauaji wasubiri kidogo," alimwambia binti yake Rachelle, "nisome maandishi ubavuni mwa bunduki, ndipo waendelee."

Walikuwa mezani, katika nyumba yao ya kupanga huko Brooklyn Center, ughaibuni walikokimbilia. Rachelle, anayesomea ufamasia, husikia Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza. Alimwambia mama yake aiache nafasi hiyo wazi. Vestine hakuiacha. Aliandika kwa herufi kubwa: INAYOUA.

Fomu ilitoka kwa kitengo kipya cha mashtaka kilichoanzishwa mwaka huu katika mkoa mmoja wa mashariki mwa Kongo. Kazi yake ni kupitia orodha ya wapiganaji waliosalimisha silaha na kurudishwa uraiani, na kumtenga aliyebebeshwa mizigo na aliyeua. Kabla ya hapo, kila aliyeleta bunduki alipewa karatasi yenye mhuri, na cherehani au pikipiki ya kuanzia maisha, akaenda zake. Kitengo kina mawakili wanne, wachunguzi sita, na tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria siku ya kukata utepe. Orodha ina majina ya kwenye vitambulisho. Waliofiwa wanayajua majina ya porini tu. Mjane atasema mumewe aliuawa na Komanda Radi, na kwenye orodha hakuna Radi. Yuko Cyrus, mwenye karatasi na pikipiki, anayebeba abiria sokoni.

Vestine aliyajua majina yote mawili. Kijijini kwao, juu milimani, alikuwa karani wa kanisa, na ndiye aliyemwandika Cyrus kwenye daftari la ubatizo, mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekuwa na mafua siku hiyo. Miaka tisa baadaye Cyrus alisimama mlangoni pake, kitambaa usoni, wenzake wakimwita Radi, akamtoa nje mume wa Vestine, mwalimu wa shule ya msingi. Kitambaa hakikuficha sauti. Kabla ya kumtoa mwalimu alisalimu: "Jambo, mama karani."

"Kuua ameua," Vestine husema. "Lakini kunisalimu, adabu hiyo ilikuwa ya nini?"

Shauri hili lingekuwa jepesi kama si gari. Vestine ameshindwa mtihani wa udereva mara mbili, na nyumba ya wazee anakofanya kazi iko Eagan, upande wa pili wa jiji. Kwa miaka sita amepelekwa huko na Bernardine, wanayemwita Mama Nshuti, anayefanya kazi hapo hapo, zamu ileile. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, theluji iwe imeanguka au haijaanguka, gari liko chini ya ngazi na joto limekwisha washwa. Njiani wameongea habari za watoto, za bei ya unga wa muhogo, za mzee wa chumba cha tisa anayewaita wote wawili kwa jina la marehemu mkewe. Hawajawahi kumtaja Cyrus. Bernardine ni dada yake Cyrus, baba mmoja, mama mmoja.

Jumapili, baada ya ibada, Pasta Munyaneza aliita kikao katika chumba cha nyuma. Ndiyo desturi ya kanisa lao: jambo haliendi serikalini kabla wazee hawajalisikia. Kulikuwa na chai, maandazi na watu wanane. Bernardine alikaa karibu na dirisha, koti mwilini.

"Mama Rachelle," pasta alianza, "tumesikia unaongea na watu wa procureur, wale wa mashtaka."

"Mmesikia vizuri."

"Bon. Huyu kijana ameacha bunduki, amerudi. Mwana mpotevu aliporudi, baba yake alifanya nini?"

"Pasta, mwana mpotevu alikula mali ya baba yake. Hakuua jirani."

Mzee mmoja alicheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza.

"Ninachosema," pasta aliendelea kwa upole, ule upole uliomtia Vestine hasira kuliko maneno yenyewe, "ya nyumbani tuliyaacha nyumbani."

"Nani aliyaacha? Mimi nilikimbia. Kuacha ni kwa mtu aliyepata nafasi ya kufunga mzigo."

Hapo Bernardine akasema, bila kuinua macho. "Mama Rachelle, mimi sikukatazi. Nenda useme yote. Sema Radi mara mia. Usiseme Cyrus tu. Ana watoto watatu, na mama yetu anakula kwake."

"Donc, yaani niwashtakie kivuli."

"Nakuomba neno moja tu ulimeze. Moja."

"Neno lenyewe ndiyo kesi yote, Mama Nshuti. Unalijua hilo, ndiyo maana umeliomba."

Wiki nzima walisafiri pamoja, na redio ikaongea badala yao.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Vestine alikaa mbele ya kompyuta ya Rachelle, amevaa kitenge cha harusi ya mpwa wake. Kule Kongo, upande wa pili wa skrini, ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mchunguzi aliitwa Bagalwa, mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, nyuma yake kabati la mafaili ambalo bado lilikuwa na plastiki ya dukani. Vestine alieleza kwa dakika arobaini. Hakulia. Alipofika kwenye jina alilisema wazi, Cyrus, akataja na la baba yake, akasema: "Nilimwandika mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Bagalwa aliandika, kisha akaweka kalamu chini. "Merci, mama. Kuna jambo. Utaratibu wetu unataka watu wawili wanaojua kwamba Radi na Cyrus ni mtu mmoja. Wewe ni wa kwanza."

"Na daftari la ubatizo?"

"Kanisa lilichomwa, mama. Hata lingekuwepo, lisingekuwa na jina la Radi."

"Mlipompa pikipiki, mlitaka mashahidi wangapi?"

Wengi katika kiti kile wangetafuta sentensi ndefu. Bagalwa hakuitafuta. "Hatukutaka shahidi, mama. Tulitaka bunduki moja."

Bunduki moja ilitosha kumfuta Radi. Mjane mmoja hakutosha kumwandika upya.

"Yuko mwingine anayejua?" Bagalwa aliuliza.

Alikuwepo. Mwezi wa kwanza, njiani kwenda Eagan, simu ya Bernardine iliita kwenye spika za gari, na kabla hajaizima sauti ya mwanamume ikajaa humo ndani: "Dada, Radi hapa, nimebadilisha namba." Bernardine alikata simu, akaongea habari za barafu barabarani mpaka walipofika. Vestine hakumwambia mtu. Alikuwa ameijua sauti ile kabla haijamaliza kusema dada.

Kando ya kompyuta, mahali ambapo Bagalwa hakuweza kumwona, Rachelle alikuwa akitikisa kichwa: hapana, hapana. Vestine alimtazama binti yake, kisha akaisema namba ya Bernardine, tarakimu baada ya tarakimu, bila kuangalia simu.

Alipomaliza hakuvua hata kitenge. Alimpigia Bernardine.

"Mama Nshuti, watu wa kitengo watakupigia. Nimewapa namba yako."

"Umewapa nini?"

"Namba. Wanatafuta mtu wa pili anayejua Radi ni nani. Nilikuwa kwenye gari siku ile. Ulijua nimesikia."

Televisheni ilisikika upande wa pili, kisha ikazimwa.

"Nikiwaambia simjui?"

"Utakuwa umesema uongo. Mimi nimekusaidia kunyamaza miaka sita. Kudanganya utadanganya peke yako."

"Na mimi nimekubeba miaka sita. Kwenye baridi. Sijakosa hata siku moja."

"Hukukosa. Hilo nitalisema popote, hata mbele ya pasta."

"Jumatatu tafuta basi."

"Nimeshatazama. Ni mabasi matatu, la kwanza linapita saa kumi na dakika hamsini."

Vestine alitarajia simu ikatwe. Haikukatwa. Alimsikia Bernardine akipumua kama mtu aliyepanda ngazi, naye akasubiri, hasira yake ikiwa palepale, haijapungua hata kidogo.

"Huyo mtu wako," Bernardine alisema mwishoni, "anapiga saa ngapi?"

"Saa tatu. Ujibu mwenyewe. Usimpe Nshuti simu aseme umelala."