Mgonjwa Asemaye Hajambo

Mwanaamina, mshonaji wa nguo wa Iringo mjini Musoma, alilazwa kitandani ilhali ni mzima wa afya. Madaktari vijana wa dharura walikuwa wakishindana kuwaokoa wagonjwa wa kuigiza, naye alipewa nafasi ya mama mwenye shambulio la moyo. Tabitha, daktari mwamuzi, alimnyunyizia maji usoni na viganjani yawe jasho, akamwagiza apumue kwa shida.

Yaliyosalia aliyajua mwenyewe. Miaka mitatu nyuma mumewe, Hamduni, alifika kwenye zahanati moja huku kifua kikimbana. Alipoulizwa hali, alijibu kama alivyolelewa kujibu: "Nzuri, alhamdulillahi." Akaketishwa mwisho wa benchi, na papo hapo Mola akamchukua. Tangu siku ile Mwanaamina alitamani jambo moja: kumwona daktari asiyeridhika na jibu hilo.

Kundi la Butiama lilitangulia, likiongozwa na Eliasi, kijana wa Buswahili.

"Shikamoo, mama. Hali yako?"

"Marahaba. Nzuri, alhamdulillahi."

Eliasi akamkimbilia majeruhi wa kitanda cha pili, aliyekuwa akipiga mayowe. Muda ukaisha.

"Yule mama umempoteza," Tabitha akamwambia.

"Si amesema ni mzima, daktari? Ametudanganya."

"Kwani bibi yako kule Buswahili akiumwa anasemaje?"

Eliasi akakuna kichwa. "Anasemaga hajambo." Wenzake wakacheka.

Mwanaamina hakucheka.

Kisha likaitwa kundi la Bunda, lililokuwa likisubiri nje. Kiongozi wao, Nyangi, alimpa mkono, akamwamkia, akajibiwa vilevile. Ila mkono hakuuachia.

"Kiganja kimelowa, mama. Salamu tumemaliza. Sasa nieleze ulivyoamka."

Mwanaamina akajigusa kifuani. "Kifua, mwanangu. Kinanibana."

Wakamfunga nyaya za kipimo cha moyo, wakaagizana dawa kwa utulivu. Machozi yaliyomtoka hayakuwamo katika maagizo ya mwamuzi.

Ushindi ulikwenda Bunda. Watu walipotoka kwenda kula, Eliasi akarudi peke yake.

"Mama, nakuomba ulale tena. Sitafuti alama, nataka kujua nilipokosea."

"Chakula kitapoa."

"Kipoe tu, mama."

Mwanaamina akajilowesha uso na viganja mwenyewe, akapanda kitandani. Eliasi akamwamkia, akaushika mkono wake, akahesabu mapigo, wala hakuuliza hali mpaka alipomaliza.