Dishi Nililolisifia Nshamba

Mimi ni katibu wa chama cha wakulima wa kahawa hapa Nshamba, na aibu hii bado mbichi. Tuliletewa intaneti za aina mbili tuzijaribu kabla ya kuchagua: rauta ndogo ya laini ya simu, na dishi la satelaiti, bapa kama sinia. Roho yangu ilikuwa kwenye dishi. Asubuhi niliziwasha zote na kuziunganisha kwenye kompyuta, dishi nikalilaza uani.

Mkutanoni nikapiga simu ya video. Binti wa mwenyekiti wetu, Mzee Kamuhanda, anayesoma India, akatokea ukutani kwa projekta, mkubwa, hadi kipini cha puani kinaonekana. Mzee akavua kofia.

"Wazee, sura hii imepita mbinguni ndipo ikashuka Nshamba!" nikasema. "Hiyo rauta ni kichezeo tu."

"Wakola, katibu," mzee akanishukuru, machozi yakimlenga.

Hapo mpishi wetu, Mama Koku, akaingia na dishi mikononi, limetandikwa jani la mgomba, juu yake senene wa kukaanga.

"Mnisamehe, masinia yaliniishia. Hili nililichomoa waya tangu asubuhi."

Mzee Kamuhanda akaigeukia rauta pale kona, taa zake zikimetameta, akaiinamia kwa heshima.

"Wakola, kichezeo."