Wote Wameshiba

Jumanne mchana nilikuwa Kariakoo, kwenye duka la vyandarua. Mzee mwenye duka ndiyo kwanza alikuwa anafunua hotpoti yake: wali, maharage na kipande kimoja cha samaki.

"Karibu tule," akaniambia.

"Asante mzee, nimeshiba," nikajibu, nami tangu asubuhi sijatia kitu tumboni. Ndivyo tulivyolelewa.

Akaingia dada wa Kizungu, aliyetuambia amehamia Ilala wiki mbili zilizopita na mbu hawamwachi alale. Akaamkia shikamoo, mzee akaitika na kumkaribisha chakula. Yule dada akashukuru, akavuta stuli, akakaa na kunyoosha mikono anawishwe.

Nikaangalia pembeni kwa aibu. Nilitaka kumnong'oneza kwamba ile ni heshima tu. Lakini mzee alishachukua jagi, anammiminia maji taratibu. Kisha akamega samaki, akamsogezea upande wenye mnofu.

"Tangu mama watoto afariki nakula peke yangu hapa," alisema, macho kwenye wali. "Kila siku nakaribisha watu. Wote wameshiba."

Nikavuta stuli ya pili, nikanawa.

Wageni wanaohamia Bongo huniuliza wajifunze nini kwanza. Huwaambia wachemshe maji, wanunue chandarua, na wakikaribishwa chakula waseme asante, wapite zao. Ushauri huo wa mwisho naomba waufute. Siku ile samaki hakututosha, na hakuna aliyesema ameshiba.