Matope Kwenye Kona ya Pili

Kazini walimwita Mama Mabuu, na jina hilo hakulikataa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya maji, na kazi yake ilikuwa kuhesabu wadudu. Kila Jumanne alivaa viatu vya mpira, akaingia mtoni hadi magotini, akatega wavu wake wenye mpini mrefu, kisha akageuza mawe kwa mguu ili wadudu walioyang'ang'ania waachie. Aliwamwaga kwenye sinia jeupe, akawatenga kwa kibano: wenye mikia mitatu huku, wanaojijengea vijumba vya chembe za mchanga kule, na mabuu wekundu wapendao matope pembeni kabisa. Wale wa makundi mawili ya kwanza wakiwa wengi, mto una afya. Wakitoweka, kuna jambo, hata kama maji yanang'aa.

Alikuwa mtu wa kushuku tangu utotoni. Maziwa aliyanusa mara mbili. Barua aliigeuza nyuma kabla ya kuisoma mbele. Mdogo wake alizoea kusema kwamba ukimwambia dada "habari za asubuhi", kwanza anatazama saa.

Mume wa huyo mdogo wake alikuwa fundi mkuu wa jengo lililokuwa likiinuka kando ya mto huo huo. Mafuriko yalikuwa yamepiga mtaa mara mbili, na mara ya pili yaliondoka na zahanati nzima, milango na vitanda. Sasa ulikuwa unajengwa ukumbi wa ghorofa moja: siku za kawaida madarasa, siku ya maji mahali pa kukimbilia. Shemeji aliupenda ukumbi ule kupita kiasi. Kila akija kula alisogeza vikombe mezani kuonyesha.

"Tazama, shemeji. Nguzo hizi ndizo zinabeba ghorofa. Chini hatuweki ukuta mzito, tunaweka vizuizi vyepesi. Maji yakija yanaving'oa, yanapita zake, hayapati pa kusukuma. Nondo tumezifunga kwa pete za karibu karibu. Paa nalo limekamatwa kwa mikanda ya chuma mpaka kwenye msingi."

"Na msingi umekamatwa na nini?"

"Na ardhi, shemeji. Ulitaka ukamatwe na polisi?" Wote wakacheka, yeye akacheka nusu.

Alihesabu wadudu mahali patatu: juu kidogo ya daraja, kwenye kona ya pili chini ya ujenzi, na karibu na pampu ya maji ya mtaa. Jumanne moja ya kiangazi, kwenye kona ya pili, sehemu mbili za kwanza za sinia zilibaki karibu tupu. Wenye mikia mitatu, ambao wiki chache nyuma walifika themanini, walikuwa wanne. Wajenga vijumba hakuna. Mabuu wekundu walijaa.

Kwanza alijishuku mwenyewe. Akarudia, akarudia tena. Kisha akashuku sabuni, halafu saruji, kwa sababu maji ya kuoshea mashine ya zege huchoma viumbe vidogo kama magadi. Akapima maji kwa vikaratasi vyake vya rangi. Hayakuwa na kasoro. Akainua jiwe, akalipitishia kidole. Lilikuwa limevaa utando wa matope laini, na mawe yote ya pale yalikuwa hivyo. Wadudu wa mawe walikuwa wamekosa pa kushika. Darajani, hatua mia tatu juu, mawe yalikuwa safi. Basi matope yalianzia kati ya daraja na kona, na kati ya daraja na kona kulikuwa na ujenzi wa shemeji tu.

Machale yakamcheza. Aliandika fomu, akaipeleka kwa mkuu wake. Kesho yake ilirudi na maneno mawili ya kalamu nyekundu: "Rudia hesabu." Labda ulikuwa uvivu. Labda kuna namna.

Akaenda kwenye ujenzi. Mlinzi alimzuia langoni penye uzio wa mabati, na kabla hajaeleza shida yake shemeji akatoka, anajifuta mikono.

"Shemeji, leo umepotea njia?"

"Maji ya kuoshea zege mnayamwaga wapi?"

Akampeleka kwenye shimo lililojengewa kwa matofali. Lilikuwa kavu, limekwanguliwa vizuri. Kila alichouliza, alijibiwa haraka na kwa upole, na upole ule ndio uliomkera. Yeye alimfahamu shemeji huyu. Akiulizwa jambo la kazi alikuwa hukasirika kwanza.

"Na kule nyuma, upande wa mtoni?"

"Kule hakuna kitu. Nyasi na nyoka." Akaangalia langoni. "Sikiliza, watu wangu wanaanza kusema umetumwa kunichunguza. Usiniharibie."

Alhamisi alirudi bila kuaga mtu, saa ya chakula cha mchana, akipanda na mto ndani ya maji ili asipite langoni. Nyuma ya uzio, chini ya nguzo ya pembeni, ukingo ulikuwa umefunikwa kwa matawi. Hakuna mti ulioanguka pale. Matawi yalikuwa yamekatwa kwa panga na majani yake yameanza kunyauka. Akayavuta. Nyuma yake palikuwa na pango, kuta zake mchanga mweupe mbichi, na chini alama za gurudumu la toroli. Akaingiza mpini wa wavu. Ulikuwa na urefu wa kumzidi yeye. Uliingia wote, mpaka mkono wake ukagusa mchanga, na ncha haikugota popote.

Juu ya kichwa chake alisikia watu wanacheka wakila.

Jioni alimweleza mdogo wake, jikoni, mlango umefungwa. Mdogo wake aliweka kisu chini polepole.

"Unataka kusema mume wangu anachimba chini ya jengo lake mwenyewe?"

"Nasema kuna mtu anachimba, na yeye hataki nione."

"Ukimchongea, dada, usinijie tena hapa."

Hakurudi kwa mkuu wake, hakumwamini. Alimtafuta mhandisi aliyechora jengo, mama mmoja mfupi wa maneno machache, akamwekea mezani fomu zake za miezi sita. Mhandisi alizisoma zote.

"Wadudu ndio waliokuonyesha?"

"Wadudu walinionyesha matope. Pango nimeliona kwa macho."

Mhandisi akachukua viatu vyake vya mpira.

Siku ile ile ujenzi ulisimamishwa. Lililopimwa lilikuwa shimo la zaidi ya mita mbili na nusu, limefika karibu na kitako cha nguzo. Dereva wa lori alikiri: mchanga ulitakiwa kutoka machimboni, safari ya nusu siku, naye na vibarua wawili walikuwa wanauchota pale nyuma na kuzungusha lori mjini ili lionekane limetoka mbali. Wakafukuzwa. Pango lilijazwa mawe na zege, nguzo za upande ule zikateremshiwa msingi hadi kwenye mwamba, na ukingo ukazungushiwa vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Shemeji aliapa kwamba hakujua. Aliachwa kazini, chini ya jicho la mhandisi.

Miezi minne mdogo wake hakupokea simu.

Mvua za mwaka uliofuata ziliupandisha mto ghafla, mchana kweupe. Kufikia saa tisa alasiri watu zaidi ya mia mbili walikuwa ghorofani na magodoro na kuku wao. Chini vizuizi vyepesi viling'oka kimoja kimoja, kwa mpangilio, na maji yakapita. Jengo lilitetemeka kidogo pale gogo lilipogonga nguzo, kisha likatulia. Mdogo wake alikuja akaketi karibu naye, akamwegemea, akalala. Shemeji alikuwa dirishani anatazama ile pembe iliyochimbwa.

Mama Mabuu akamfuata.

"Ulijua?"

"Mchanga ulikuwa unafika haraka mno," shemeji alisema. "Niliona. Sikuuliza."

"Na siku ile ulinizuia nisifike nyuma."

"Niliogopa ungeuliza wewe."

Mama Mabuu alitaka kukasirika, akashindwa, kwa kuwa lilikuwa jibu la kwanza kutoka kwake ambalo hakuona haja ya kulipima. Wakasimama pamoja mpaka maji yalipoanza kushuka. Siku hizi wanakula meza moja tena. Shemeji huzungumza kuhusu majengo mapya, naye humsikiliza vizuri, na kesho yake hupanda basi kwenda kuyaona mwenyewe.