Harufu ya Rozmari, Kayole

Sikuwa na mpango. Niliamka Ziwani, nikatazama kuta za chumba nilichokuwa nimekizoea mno, nikafunga begi. Saa moja asubuhi nilikuwa kwenye Jogoo Road kwa miguu, manyunyu yakinilowesha.

Saa tano nilifika Kayole, nikaulizia chumba cha kupanga. Nilielekezwa kwa Mzee Mutua, mchonga vinyago kutoka Ukambani, anayeishi na kufanya kazi ghorofa ya chini. Mlangoni nilipokewa na harufu ya rozmari, yale majani tunayotilia nyama ya mbuzi. Mkewe, Mama Kioko, alikuwa akiyachemsha katika sufuria isiyo na kifuniko.

Mzee alinisalimu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umevimba kama andazi. Patasi ilimchoma wiki iliyopita, na sasa mstari mwekundu ulikuwa umepanda hadi kiwiko.

"Redio ilisema haya majani yanaua vijidudu," alisema. "Nauosha mara tatu kwa siku."

Redio haikukosea. Niliacha shule darasa la saba, lakini niliwahi kuosha vyombo katika maabara ya chuo, nikiuliza maswali hadi wakanichoka. Majani hayo waliyachemshia kwenye chombo kilichofunikwa, mvuke ukapita katika mrija baridi, yakadondoka mafuta machache. Tone moja kwenye kisahani cha bakteria liliacha duara tupu, bakteria wote hapo wamekufa.

"Mzee, dawa ni yale mafuta, nayo hupaa na mvuke. Hii harufu nzuri ndiyo dawa inayokimbia."

Alicheka. "Kumbe wanaotibiwa ni majirani wa juu!"

"Na hata ushindi wa maabara ni wa kisahani tu. Kisahani si mkono. Twende hospitali."

"Waukate? Halafu nichonge na nini, meno?"

Mama Kioko alizima jiko. "Baba Kioko, vaa viatu."

Saa nane, hospitalini, daktari alitoka na majibu. "Mkono tutauokoa. Vidole viwili, hapana. Mmechelewa." Mzee alitazama ukuta. Wakamlaza wodini.

Jioni nilirudi na Mama Kioko, nikiwa nimejifunza jambo ambalo sikulitaka: neno linaweza kuwa kweli kabisa maabarani, na bado likamchelewesha mtu nyumbani. Alinifungulia karakana, akasogeza vifaru wa mti ambao hawajapata pembe, akanitandikia godoro. Kisha akahamisha patasi, moja moja, kutoka kulia kwa benchi hadi kushoto, upande wa mkono mzima wa Mzee.

"Lala," aliniambia. "Lakini hizi usizirudishe."